Urefu wa mlima si kipimo cha ugumu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalonikera kila ninaposoma habari za wapanda milima, si katika gazeti lako peke yake bali karibu katika magazeti yote. Habari hizo huanza kwa jina la mlima na urefu wake kwa mita, kisha msomaji huachwa aamini kwamba mlima wenye mita nyingi ndio mgumu zaidi, na kwamba aliyefika mita 6,000 amemzidi aliyeishia mita 3,000. Hata orodha zinazochapishwa za milima migumu kupita yote duniani mara nyingi ni orodha za milima mirefu zilizobadilishwa kichwa cha habari. Mimi si bingwa wa fani hii, wala sijawahi kukanyaga Himalaya, ila nimepanda kiasi cha kutosha kujua kwamba kupima ugumu wa mlima kwa mita peke yake ni sawa na kupima ugumu wa mtihani kwa kuhesabu kurasa zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu unapatikana ndani ya mlima mmoja. Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyotajwa sana: Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188, na Lenana wenye mita 4,985. Kutoka Lenana hadi Batian tofauti ni mita 214 tu, na kwa mujibu wa magazeti yetu hivyo ni vilele viwili vinavyokaribiana sana. Ukweli ni kwamba Lenana hufikiwa kwa miguu na mtu yeyote mwenye afya njema na subira, akiondoka usiku wa manane na kufika jua linapochomoza, wakati Batian haina njia ya kutembea hata moja. Kila anayekwenda huko ni lazima apande mwamba au barafu iliyosimama wima, akiwa amefungwa kamba, akichomeka vyuma kwenye nyufa za mwamba ili vimzuie akianguka, na akiwa na mwenzake anayejua kuishika kamba hiyo. Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian kwa mara ya kwanza mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wawili waliozaliwa na kulelewa katika kazi hiyo kwenye milima ya Alps, na baada yao ilipita miaka 30 mizima kabla ya Eric Shipton na Wyn Harris kufika hapo tena mwaka 1929 kwa kupitia Nelion. Kilimanjaro, inayoizidi Batian kwa mita 696, kila mwaka hupandwa na maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika kamba ya kupandia maishani mwao.

Ajabu nyingine ya Batian ni kwamba ugumu wake huhama na majira, ingawa mlima wenyewe uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mahali ambapo watu hudhani majira hayana maana. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua huelekea upande wa kaskazini, miamba ya upande huo hukauka na kupandika, huku upande wa kusini ukishikwa na theluji na barafu. Ikifika Januari mambo hugeuka. Mtu akisema amepanda Batian bila kutaja mwezi wala upande, amesema nusu ya habari.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana wako wanaotumia hoja kama hii kuidharau Kilimanjaro wakisema ni matembezi tu. Kutembea kwenye hewa nyepesi si kutembea kwa kawaida. Oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, uwe ufukweni au uwe kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kiasi kwamba pale juu Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni ambayo ingeingia mtu akiwa usawa wa bahari. Mwili una namna zake za kujitetea, kwa kuongeza kasi ya kupumua na ya moyo kwanza, kisha kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, lakini kazi hiyo ya pili huchukua wiki na wala si siku. Asiyeupa mwili nafasi hupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na akizidi kulazimisha anaweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, hali mbili ambazo huua kwa saa chache endapo mgonjwa hateremshwi. Kinachowashangaza wengi ni kwamba nguvu za mwili hazimkingi mtu na maradhi hayo. Kijana mkimbiaji huweza kulala chali kwenye mita 4,700 huku mzee anayejikongoja akimpita, na sababu mara nyingi ni kwamba kijana aliweza kupanda haraka kuliko mwili wake ulivyoweza kuzoea.

Hilo nililijua kwa kulipia. Mara ya kwanza nilipopanda Kibo nilikuwa na siku tano za kwenda na kurudi, na usiku wa kuelekea kileleni nilirudishwa nikiwa chini kidogo ya Gilman's Point, mahali palipo ukingoni mwa kreta penye mita 5,685, nikitapika na kuyumba kama mlevi. Mwongozaji wangu hakunishauri nirudi. Aliniamuru, na nina hakika alikuwa na haki. Miaka mitatu baadaye nilirudi nikiwa na siku saba, nikapita njia ya Machame, ambayo inapanda na kushuka mabonde kiasi cha kumchosha mtu, na nikafika Uhuru bila kuumwa kichwa. Mlima ulikuwa uleule, mita zilikuwa zilezile 5,895, na mimi nilikuwa nimezeeka kidogo. Kilichobadilika ni siku mbili.

Hata hiyo hewa yenyewe haifuati mita kwa utii. Anga la dunia ni nene zaidi kwenye ikweta na jembamba kuelekea ncha za kaskazini na kusini, kwa hiyo vilele viwili vyenye urefu mmoja vilivyo katika latitudo tofauti havina hewa sawa. Denali, huko Alaska, una mita 6,190 na uko latitudo 63 kaskazini, na mpandaji wake huvuta hewa nyepesi kuliko atakayoivuta akiwa na mwinuko huohuo karibu na ikweta. Zaidi ya hapo, huko hakuna wapagazi: kila mtu hubeba mzigo wake mgongoni na mwingine anauburuta kwa sleji juu ya barafu, kuanzia kambi iliyo kwenye mita 2,200 hivi, katika baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Njia yake ya kawaida haina mwamba wa kutisha, lakini simfahamu mpandaji mwenye akili timamu anayeilinganisha na Kilimanjaro kwa sababu tu mita zao zinakaribiana. (Na kama tungekuwa watumwa wa vipimo kweli, basi tungesema kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia ni Chimborazo huko Ecuador, wenye mita 6,263 tu kutoka usawa wa bahari, kwa sababu dunia imevimba kwenye ikweta. Sijaona gazeti lililousifu kwa hilo.)

Sasa nije kwenye Everest, maana ndiko kila mjadala huu unakoishia. Everest una mita 8,848.86 na K2 una mita 8,611, tofauti isiyofika mita 240, na katika orodha zetu K2 huwekwa wa pili kana kwamba ni mdogo wa Everest anayejaribu kumfikia kaka yake. Waulize waliopanda yote miwili. Everest umefikiwa na watu kwa maelfu; waliofika K2 bado wanahesabiwa kwa mamia. Everest ulipandwa kwa mara ya kwanza na Tenzing Norgay na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953, na wapandaji wa Uswisi wakafuata mwaka 1956. K2 ulipandwa na Waitalia Achille Compagnoni na Lino Lacedelli mwaka 1954, na hakuna aliyefika tena hadi mwaka 1977, ingawa kwa haki yake niseme kwamba kwa miaka kadhaa katikati hapo eneo hilo lilikuwa limefungwa kwa wapandaji. Kipimo kinachonishawishi zaidi ni kipupwe. Wapoland Leszek Cichy na Krzysztof Wielicki walifika Everest katikati ya kipupwe mwezi Februari 1980. K2 ulikataa kila msafara wa kipupwe kwa miaka 41 zaidi, ukawa wa mwisho kati ya milima yote 14 inayozidi mita 8,000 kupandwa katika msimu huo, hadi Wanepali kumi walipofika kileleni pamoja tarehe 16 Januari 2021.

Sababu ziko wazi kwa anayeziangalia. K2 uko kaskazini zaidi, hali yake ya hewa haitabiriki, na ni mkali tangu chini mpaka juu, hauna sehemu ndefu ya kupumzikia miguu. Juu ya mita 8,000 njia yake ya kawaida hupita kwenye mfereji mwembamba ulio chini ya ukuta wa barafu unaoning'inia, na barafu hiyo ikimeguka, aliye chini yake hana pa kukimbilia. Mwezi Agosti 2008 watu 11 wa misafara mbalimbali walikufa wakipanda na kushuka sehemu hizo.

Lakini hata ukisema neno "Everest" bado hujasema kitu kamili. Yuko anayepanda kwa njia ya kusini ambako Masherpa, wenyeji wa milima hiyo wanaofanya kazi ya kuwaongoza wapandaji, wametangulia kuweka ngazi juu ya nyufa za barafu ya Khumbu na kufunga kamba mfululizo hadi kileleni, naye akapanda akivuta oksijeni ya chupa iliyobebwa na mwingine. Simbezi mtu huyo; ni kazi kubwa inayoweza kumuua. Ila kazi hiyo si ile waliyoifanya Reinhold Messner na Peter Habeler tarehe 8 Mei 1978, walipofika kileleni bila chupa hata moja, wakati ambapo wapo wataalamu wa mwili wa binadamu walioamini kwamba mtu hawezi kuishi pale bila oksijeni ya ziada. Mwaka 1981 watafiti walipima mgandamizo wa hewa juu ya kilele hicho wakapata milimita 253 za zebaki, theluthi moja ya 760 zilizopo usawa wa bahari. Wala kazi ya mtu huyo si ile ya Doug Scott na Dougal Haston, waliofika mwaka 1975 kwa kupitia ukuta wa kusini-magharibi uliokuwa umekwisha kuishinda misafara kadhaa. Wote hawa gazeti litaandika "alipanda Everest, mita 8,848", na msomaji hatajua kwamba amesomewa habari tatu tofauti.

Ndiyo sababu wapandaji wenyewe hawaupi mlima daraja la ugumu. Wanaipa njia. Katika Alps kuna ngazi ya madaraja inayoanzia njia rahisi hadi njia ngumu kupindukia, na kilele kimoja huweza kuwa na njia ya daraja la chini upande mmoja na ya daraja la juu upande wa pili. Eiger huko Uswisi, wenye mita 3,967, ulipandwa mwaka 1858 kwa upande wake wa magharibi. Ukuta wake wa kaskazini, unaoporomoka karibu mita 1,800 kutoka kileleni, uliwaua wapandaji hodari mmoja baada ya mwingine na haukupandwa hadi mwaka 1938. Kilele ni kimoja, na kati ya njia hizo mbili imepita miaka 80. Huko Andes mambo ni hayohayo kwa milima miwili tofauti: Aconcagua, mrefu kuliko yote nje ya Asia kwa mita zake 6,961, ulifikiwa na Matthias Zurbriggen mwaka 1897, na njia yake ya kawaida mpaka leo ni ya kutembea, japo upepo wake si wa kuchezea. Cerro Torre haufiki hata nusu ya urefu huo. Ni mnara wa mwamba uliovikwa barafu, na upandaji wake wa kwanza usio na ubishi ni ule wa Waitalia wa mwaka 1974, miaka 21 baada ya Everest.

Kuna wasomaji watakaosema: basi tuache mita, tuhesabu vifo. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na kwa maoni yangu inapotosha kuliko ile ya mita, kwa sababu inachanganya ugumu na hatari. Annapurna wenye mita 8,091, wa kwanza kupandwa kati ya ile milima 14 inayozidi mita 8,000, mwaka 1950, kwa miaka mingi ulitajwa kuwa na vifo vingi kuliko mingine ukilinganishwa na idadi ya waliofika kileleni. Lakini kinachoua Annapurna zaidi ni maporomoko ya theluji, na poromoko halimchagui mjuzi na asiyejua. Anatoli Boukreev, mmoja wa wapandaji wenye nguvu kuliko wote wa kizazi chake, aliuawa na poromoko hapo mwezi Desemba 1997. Mwezi Aprili 2014 barafu iliyoanguka juu ya Khumbu iliwaua wafanyakazi 16 wa Kinepali, watu walioijua njia ile kuliko wateja wao wote. Hawakushindwa na ugumu wowote. Walikuwa mahali pabaya saa mbaya. Kwa upande mwingine, kuna kuta kama El Capitan huko California, mita 900 hivi za mwamba uliosimama wima, ambazo watu wachache mno duniani wanaweza kuzipanda bila kujivuta kwa vifaa, na hata hivyo mpandaji akianguka kamba humdaka na jioni akasimulia. Mont Blanc nao, ambao kwa njia zake za kawaida ni mlima wa watu wengi, umewaua wengi kuliko milima inayoogopwa, kwa sababu wanaokwenda huko ni wengi na kwa sababu njia mojawapo maarufu huvuka mfereji unaoporomosha mawe. Takwimu za vifo, zaidi ya hayo, mara nyingi hugawanywa kwa idadi ya waliofika kileleni tu, huku waliojaribu wakarudi salama wakiwa hawamo kwenye hesabu. Mimi mwenyewe, kwa ule usiku wangu wa kwanza Kibo, simo.

Isitoshe, ugumu haugandi mahali pamoja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro mwezi Oktoba 1889, ikiwa ni baada ya Meyer kushindwa mara mbili miaka ya nyuma, Purtscheller alilazimika kuchonga vidaraja kwa shoka kwenye barafu, kimoja baada ya kingine, na siku yao ya kwanza ya kujaribu iliwaishia ukingoni mwa kreta. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na anayepanda leo husumbuliwa na changarawe inayoteleza badala ya barafu. Mtu anaweza kudhani basi milima yote inazidi kuwa rahisi. La hasha. Kwenye Mlima Kenya kuna mfereji wa barafu kati ya Batian na Nelion uliopandwa na Phil Snyder na Thumbi Mathenge mwaka 1973, ukawa maarufu ulimwenguni. Barafu yake ilipopungua, sehemu ya chini ikabaki mwamba mtupu, na njia ikawa ngumu kuliko ilivyokuwa. Katika Alps nako, barafu iliyokuwa ikiyashika mawe pamoja inayeyuka, na njia ambazo babu za wapandaji wa leo walizipita mwezi Agosti bila wasiwasi sasa zinakwepwa katika mwezi huohuo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako anapomhoji mtu aliyepanda mlima, amuulize alipita njia gani, mwezi gani, alitumia siku ngapi, kamba alizozishika zilifungwa na nani, na kama alivuta oksijeni ya chupa. Amuulize pia alishukaje, kwa kuwa ajali nyingi hutokea wakati wa kurudi: watu saba walifika kilele cha Matterhorn, huko Alps, mwaka 1865, na wanne kati yao walianguka wakishuka siku hiyohiyo, kwenye mlima ambao ni mfupi kuliko Lenana kwa mita 507. Majibu hayo hayazidi mistari minne ya gazeti. Na ikiwa nafasi ni finyu kiasi kwamba lazima kitu kikatwe, basi ikatwe ile sentensi inayosema mlima huo ni wa ngapi kwa urefu duniani, jina la njia libaki.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi